Kabla ya Kulipia Krediti ya Kwanza ya Masoko Marekani

Ndugu zangu mnaofika Minnesota kwa Green Card na mmeshaamua kusomea masoko (marketing), naomba msome haya kabla ya kujisajili, kwa sababu mimi nilijisajili kwanza nikaja kuelewa baadaye, na kosa hilo lilinirudisha nyuma karibu miaka miwili.

Hatua za kawaida hazisumbui. Vyeti vya NECTA au KNEC hutathminiwa na mashirika kama WES, fomu ya FAFSA, ya kuombea msaada wa serikali wa fedha za masomo, hujazwa mtandaoni bila malipo, na mtihani wa kupima Kiingereza na hesabu hufanyika chuoni.

Mtego uko kwenye jina la digrii. Vyuo vya jamii (community colleges) hutoa digrii za miaka miwili zinazofanana kwa sura: AA (Associate of Arts), AS (Associate of Science) na AAS (Associate of Applied Science). Katika AAS, herufi ya katikati ni ya neno Applied, yaani masomo ya vitendo yanayomwandaa mtu kwenda kazini moja kwa moja. Katika vyuo vya umma vya Minnesota, AA huwa na krediti 40, yaani vipimo vya uzito wa masomo, za masomo ya jumla kama uandishi, hesabu na sayansi. AS huwa nazo angalau 30, na AAS angalau 15 tu. Masomo hayo ya jumla ndiyo yanayohamia chuo kikuu kwa urahisi. Kwa hiyo anayetaka digrii ya miaka minne, yenye krediti zipatazo 120, akianza na AAS anaweza kujikuta anaanza upya. Narudia: soma herufi zote za jina la digrii kabla ya kutia sahihi.

Mimi nilisoma AAS ya masoko nikapata alama nzuri. Siku nilipopokea tathmini ya chuo kikuu niliketi nayo jikoni nikaipitia mstari kwa mstari kwa kidole. Ufundi wa kuuza, sifuri. Uuzaji wa rejareja, sifuri. Matangazo, sifuri. Hata Misingi ya Masoko, somo nililodhani ndilo moyo wa fani yenyewe, liliingizwa kama krediti huru isiyojaza nafasi yoyote, kwa kuwa chuo kikuu hicho hulifundisha mwaka wa tatu kwa namba ya somo inayoanzia 3, na namba ya langu ilianzia 2. Katika krediti 64 zilihesabiwa 23. Wakati huohuo nilikuwa nimekwisha kula miaka miwili ya Pell, ruzuku ya masomo ya serikali ya Marekani, ambayo kwa maisha yako yote haizidi sawa na miaka sita ya kusoma muda wote, na miaka iliyoliwa kwa kawaida hairudishwi.

Wazee wetu nyumbani wanatupenda, lakini katika hili wanatupoteza. Mjomba aliniambia kwa simu, "Chukua hiyo diploma kwanza, digrii utaunganisha," kwa sababu yeye alimwona mtoto wa jirani akitoka diploma ya CBE, chuo cha elimu ya biashara Tanzania, akaingia digrii bila kikwazo. Wajomba na mashangazi, tunawaomba mtuulize kwanza huku mambo yakoje. Na msituambie kwamba masoko ni fani ya wenye maneno mengi: shule nyingi za biashara hapa hudai takwimu na hesabu za juu kabla hata hazijakupokea, na kazini wanataka mtu anayeweza kufungua jedwali la Excel akaeleza kwa nini mauzo yameshuka.

Nimetafakari sana kwa nini hakuna aliyenionya. Mshauri wa masomo alikuwa mama mpole, na kila nilichomuuliza alinijibu kweli tupu. Nilimuuliza kama masomo yangu yanatosha kuhitimu, akasema yanatosha. Mmarekani hujibu swali ulilouliza, na kuingilia mipango yako bila kuombwa huona ni kukukosea heshima. Kwetu karani wa masijala angekushika mkono akakuambia, "Mwanangu, kaa kwanza." Mimi naona jamii hii imepoteza kitu kikubwa hapo, lakini ndiyo tunayoishi nayo, na ni sisi tunaopaswa kujifunza kuuliza.

Basi uliza hivi, tena kwa barua pepe ili jibu libaki kwenye maandishi: "Nitahamia chuo kikuu fulani kusoma masoko, ni somo gani kati ya haya litahesabiwa kwenye digrii hiyo, na kama somo gani?" Swali hilo lipeleke pia kwa chuo kikuu unachokitaka, kwa sababu chuo unachotoka hakina mamlaka ya kuamua. Uliza kama vyuo hivyo viwili vina mkataba wa kupokeana wanafunzi. Anza na uandishi, takwimu na uchumi. Masomo yenye jina la masoko yaache hadi ufike unakoenda. Vyeti vya bure vya Google na HubSpot vinaweza kukupa mazoezi ya kazi wakati huo bila kugusa ruzuku yako.

Na mtaala wa kila somo, zile kurasa anazogawa mwalimu wiki ya kwanza, usiutupe. Niliupeleka wa takwimu kwa mkuu wa idara pamoja na barua ya rufaa, ukiwa na doa la chai pembeni, akausoma mbele yangu mada kwa mada, akazihesabu krediti zangu 4.