Namna ya Kupanga Safari na Kazi za Pwani kwa Kufuata Pepo

Anayetaka kupanga safari, ujenzi au kilimo katika pwani ya Tanzania na Kenya, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba, auangalie upepo kabla ya kufungua kalenda. Majira ya huku huongozwa na pepo mbili kuu, kaskazi itokayo kaskazini-mashariki na kusi itokayo upande wa kusini, na mvua nyingi hunyesha pale pepo hizo zinapopokezana, kwa kuwa ukanda wa mawingu ya mvua hulifuata jua likivuka ikweta. Tarehe za Hijria zisitumiwe kukadiria majira, kwani mwaka wake ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa takriban siku 11. Mabaharia na wakulima wa zamani walihesabu siku kuanzia Nairuzi, yaani siku ya kwanza ya mwaka wa jua, kwa miongo ya siku kumi kumi, na hadi leo Makunduchi, kusini mwa Unguja, huadhimisha mwaka huo mwezi wa Julai.

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi mapema Machi, na mchana joto hufikia nyuzi 32 au 33 za Selsiasi. Huu ndio wakati wa kuezeka, kupaka rangi na kuzibua mifereji, kwa sababu masika huanza katikati ya Machi na kuendelea hadi Mei. Unguja na Dar es Salaam kilele chake huwa Aprili, ilhali Mombasa mara nyingi huwa Mei. Lindi na Mtwara hazifuati mpangilio huu: kwao msimu wa mvua ni mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, kwa hiyo mkulima anayehamia huko asibebe ratiba ya Tanga.

Kusi ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Huanza kushika Aprili, hupata nguvu kati ya Juni na Agosti, na huja na ubaridi wa kipupwe unaowapendeza wageni wasioijua bahari yake. Fukwe za Paje na Jambiani hupigwa na upepo huo moja kwa moja, wakati Nungwi hupata kinga. Avukaye kwa chombo kidogo achague asubuhi, maana alasiri upepo huongezeka, na nahodha akiahirisha safari asishurutishwe hata kidogo. Tarehe 18 Julai 2012, katika msimu huu huu, meli ya Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe na watu wengi wakapoteza maisha.

Baada ya kusi kulegea huja maleleji, yaani kipindi cha pepo kubadilikabadilika, bahari ikatulia, kisha vuli ya Oktoba hadi Desemba. Mvua hizi hazitabiriki kama masika: maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yakipata joto kuliko ya mashariki, hunyesha kupita kiasi, kama ilivyokuwa mwaka 2019, na hali ikigeuka huwa haba. Kwa sababu hiyo mkulima apande mbegu za muda mfupi na asome kwanza utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Hatimaye, anayetia nanga, kujenga au kupiga kambi ufukweni aulize siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa kuwa maji ya Unguja yanaweza kupanda na kushuka kwa takriban mita 4.