Jinsi ya kutengeneza komiki ya waganga wapelelezi, na kwa nini ramli yako isimtaje muuaji

Komiki yangu ya kwanza ya mganga mpelelezi ilikufa ukurasa wa tano. Mzee kafa Pangani, mlango umekomewa kwa ndani, ndugu wanalia uani, anakuja mganga anainamia beseni la maji anamuona muuaji humo humo, kesho yake polisi wanamkamata. Nikampa rafiki yangu asome, kufika kwenye beseni akanirudishia daftari akaniuliza, "sasa hizi kurasa kumi na tano zilobaki za nini?" Nilikaa na hilo swali miezi, na haya ninayoandika yote yametoka humo, kwa hiyo kama we unachora au unataka kuanza kuchora hadithi za giza za waganga wanaofuatilia mauaji, kaa hapa twende taratibu.

Kabla hujashika penseli andika sheria ya uganga wako. Unaweza nini, hauwezi nini, na mganga analipa nini kila akiutumia. Mi sheria yangu ya kwanza ni hii: ramli haitaji mtu. Inaweza kuonyesha njia, mahali, hali, lakini jina hapana, sura hapana. Ukishairuhusu itaje jina umeua stori, maana mpelelezi hana tena kazi ya kwenda kugonga milango ya watu.

Na kuna sababu nzito kuliko ya stori. Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Mwanza huko, kuna bibi zetu wameuawa kwa mapanga sababu mtu kapiga ramli kasema fulani ndo kamroga mtoto wako, na mara nyingine ushahidi wenyewe ni macho mekundu tu, macho ya mama aliyepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini. Ramli chonganishi hiyo. Januari 2015 serikali ya Tanzania ilitangaza kuipiga marufuku, kipindi kile cha mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Sasa we uje uchore mganga shujaa ananyoosha kidole kwa bibi mmoja na komiki inasema yuko sahihi, hapana jamani. Ukitaka kuchora ramli inayotaja jina, mchore anayeipiga kama mhalifu, na uonyeshe nani alimlipa.

Halafu jifunze ramli yenyewe inavyofanya kazi, usichore vibuyu na moshi tu. Ramli ni neno la Kiarabu, mchanga. Mpigaji anadonoa nukta kwenye mchanga bila kuhesabu, mstari mmoja, anarudi anazifuta mbili mbili mpaka ibaki moja au zibaki mbili. Mistari minne ni umbo moja, na ukipiga hesabu maumbo yote yanayowezekana ni 16 tu. Kila umbo lina jina na tabia yake. Angalia hii ilivyo zawadi kwa mchoraji: vidole vya mtu mzima vikidonoa mchanga, karibu kabisa, kiboksi kimoja kwa kila mstari, msomaji anahesabu na yeye.

Sasa umbo lililonifungulia stori yangu yote. Lipo lenye nukta mbili mbili mistari yote minne, kwa Kiarabu linaitwa jamaa, maana yake kundi la watu. Ila sisi tukisikia jamaa tunasikia ndugu. Na mtaani jamaa ni mtu tu yeyote, "kuna jamaa alipita hapa." Bi Kidawa, mganga mpelelezi wangu, alipolitoa hilo kwenye nyumba ya yule mzee wa Pangani, wana wote wa marehemu walitazamana, kila mmoja akamuwazia mwenzie, na msomaji naye akaenda nao. Dereva wake wa bodaboda, Sefu, anauliza, "Bibi, jamaa yupi sasa?" Anamjibu, "Ramli imeishia hapo mjukuu wangu, washa pikipiki." Ramli haijadanganya ila haijamaliza, kazi iliyobaki ni ya miguu na maswali. Kurasa zangu kumi na tano zikapata kazi.

Gharama usiisahau. Bi Kidawa kila akipiga ramli anapoteza kumbukumbu moja ya mtu aliyempenda. Sikuisema popote kwa maneno, ila ukurasa wa kwanza kuna picha tatu ukutani anazisalimia asubuhi, katikati anasalimia mbili, na ile ya tatu anaipangusa vumbi tu kama ya mgeni.

Kesi yenyewe ianzie kwa uovu wa binadamu. Mirathi, kiwanja kilichouzwa mara mbili, mtu aliyejua siri. Andika usiku wa tukio wote saa kwa saa, nani alikuwa wapi saa nne, saa sita, saa nane, nani alimuona nani, halafu ndo uanze kuficha. Ukishaandika hivyo ushahidi unajitokeza wenyewe, komeo lina mikwaruzo mipya, ndoo ya maji imehamishwa. Mashetani yaingie baadaye kama uzito juu ya hilo. Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa Zanzibar, mwaka 1960 kwenye riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale aliweka maiti kabisa kwenye mzimu, pale mahali pa kuabudia, watu wanaogopa, na mpelelezi wake Bwana Msa anatembea anauliza anavuta kiko chake. Zaidi ya miaka 60 na bado inafundisha.

Kuhusu kutisha, fikiria Zanzibar 1995 wakati wa Popobawa, lile dude watu walisema linawavamia usiku vyumbani. Kilichobaki kwenye masimulizi ya waliokuwepo sana sana ni watu wenyewe, familia nzima zimetoa mikeka nje zinalala pamoja kuzunguka moto, mtu mzima anaogopa kuingia chumbani kwake. Chora hiyo. Mikeka imejaa uani, milango yote wazi, ndani giza. Dude lenyewe lichelewe kuonekana, ikiwezekana bawa tu, kivuli ukutani, ukilionyesha lote mapema watu wanaanza kukagua meno yake.

Giza la kwenye karatasi lina kazi yake. Chagua taa moja kwa kila kiboksi, kibatari, simu, taa ya pikipiki, chora umbo la mwanga kwanza, kinachobaki jaza nyeusi kabisa. Usitie kijivu kila mahali, anayesoma kwenye simu juani haoni kitu. Mi nachorea simu kwa app ya ibisPaint, nyeusi naiweka leya yake peke yake, yaani tabaka lake la mchoro, ili nikikosea nisiharibu mistari. Na kama utachapisha toa ukurasa mmoja wa majaribio kwanza, niliwahi kupeleka kurasa nane za usiku sehemu moja zikarudi zote rangi ya majivu na hela ilishaenda.

Halafu maputo ya maneno, hapa wengi tunaumia. Maneno yetu marefu, hawakumwambia ni neno moja na ni sentensi nzima, halikatiki vizuri kwenye puto jembamba. Andika mazungumzo kwanza, chora maputo mapana, ndo sura zifuate. Ikibidi kukata neno kata baada ya irabu, hawaku-mwambia, usikate hawakum-wambia. Na wape watu lugha zao, mama mkwe wa Tanga haongei kama askari aliyehamishiwa juzi kutoka Musoma, mtoto haanzi maneno na Bi Kidawa kabla ya shikamoo hata kama nyumba inaungua.

Ukurasa wa mwisho nilichora mara sita. Muuaji kashakamatwa, Sefu anamrudisha bibi nyumbani, wanaingia, asubuhi inakuja, Bi Kidawa anasalimia ukuta, na ukuta una picha moja tu anayoijua, ya Sefu akiwa mdogo. Sefu kasimama mlangoni na kikombe cha chai, anamwangalia, hajui kama ile kesi inayofuata aipokee au azime simu.