Somo: Kusafisha majitaka ya kitongoji kabla hayajaingia Mto Rau

Mabwawa ya wazi kama yale ya Mabogini, yanayopokea majitaka ya mji wa Moshi, hudai eneo ambalo kitongoji cha kawaida hakina. Somo hili kwa hiyo linahusu karo, yaani tangi la kutulizia majitaka, na bustani ya matete, yaani kitanda cha kokoto kilichopandwa matete ambamo maji ya karo hupita yakisafishwa, kwa watu 300.

Hatua ya 1: Hesabu ya maji. Mtu akitumia lita 60 kwa siku, na sehemu nane kati ya kumi zikawa majitaka, watu 300 watatoa lita 14,400 kila siku.

Hatua ya 2: Karo. Watu hukimbilia matete kwa kuwa yanapendeza machoni, lakini karo likikosewa hakuna mmea utakaookoa kazi. Lijengwe la vyumba viwili, cha kwanza kikichukua theluthi mbili za ujazo: mita za ujazo 29 ili maji yatulie siku mbili, na 12 nyingine kwa ajili ya tope la mwaka mzima. Kwenye matokeo, yaani pale maji yanapotokea, ifungwe tii ya bomba (kiungo chenye umbo la herufi T) inayozama chini ya utando wa mafuta, ili yatoke maji ya katikati tu, yasiyo na povu wala tope. Niliwahi kuitwa kwenye hosteli moja ambako fundi alikiacha chumba cha pili ili kuokoa saruji. Mwaka haukuisha kokoto zikaziba, majitaka yakawa yanatambaa juu ya matete, nasi tukazichota kokoto zote kwa koleo na kuziosha toroli kwa toroli.

Hatua ya 3: Bustani. Tenga mita za mraba 450, kina cha sentimita 60, sakafu ikiwa ya mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri. Kokoto kubwa zikae kwenye maingilio na matokeo. Katikati zikae za milimita 8 hadi 16, zilizooshwa. Maji yapite sentimita 5 hadi 10 chini ya uso wa kokoto, nayo yatakaa humo takriban siku sita.

Hatua ya 4: Matete. Panda vipande vinne vya mizizi kwa kila mita ya mraba. Kazi kubwa hufanywa na bakteria walioganda kwenye kokoto.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Je, hatutakuwa tumefuga mbu?
Jibu: Marahaba. Mbu hutaga kwenye maji yaliyo wazi. Ukiona maji yanang'aa juu ya kokoto, shusha bomba la matokeo siku hiyo hiyo.

Swali: Mwalimu, maji hayo tunaweza kumwagilia mchicha?
Jibu: Hapana, kwa sababu vimelea hupungua bila kuisha. Yapelekeni kwenye migomba au majani ya ng'ombe, yakipita chini kwa mfereji na si kwa kurusha.

Swali: Yakiwa meupe kabisa, si tunaweza kuyaachia mtoni?
Jibu: Weupe hautoshi, ndugu yangu. Kiwango cha Tanzania kwa BOD, yaani hitaji la oksijeni la uchafu unaooza, ni miligramu 30 kwa lita, na macho hayaioni. Sampuli ipimwe maabara. Kibali huombwa Bodi ya Maji Bonde la Pangani, iliyopo hapa Moshi, tena kabla ya kuchimba, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, na karo lililokwisha kujengwa halihamishiki.