Kumsajili mtoto mwenye usonji Kenya: tathmini ni mbili, si moja

Wazazi wengi huzichanganya. Tathmini ya hospitali ndiyo inayompa mtoto kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu (NCPWD). Ile ya EARC, kituo cha Wizara ya Elimu, humwelekeza kwenye shule inayomfaa. Fuatilia zote mbili.

1. Tayarisha cheti cha kuzaliwa, kitambulisho chako na picha ya mtoto. Kama cheti hakijatoka, anza na hicho.

2. Omba tathmini ya ulemavu kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uende hospitali ya serikali inayoifanya. Hapa nawasihi mjiandae vizuri. Daktari atamwona mtoto kwa muda mfupi, na huenda siku hiyo ametulia tuli. Andika mapema: maneno anayotamka, anavyolala, vyakula anavyokubali, kama hutoroka nyumbani, kama bado anavaa nepi. Mrekodi kwa simu anapoziba masikio na kulia kwa sababu ya blenda au honi ya matatu. Sema siku mbaya zilivyo. Najua mzazi hupenda kumsitiri mwanawe, lakini kisichosemwa mbele ya daktari hakiingii kwenye ripoti.

3. Ripoti ikiidhinishwa na idara ya afya ya kaunti, Baraza humsajili mtoto. Usajili haulipiwi. Hifadhi nakala ya ripoti.

4. Uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ilipo EARC, uende na mtoto na nakala hiyo.

Maswali ya wanachama

Swali: Wangu ana miaka mitatu, hasemi. Mama mkwe anasema nisimpe mtoto jina la ulemavu mapema hivi. Ningoje?

Jibu: Usingoje, dada. Mazoezi ya usemi hufaa zaidi yakianza mapema. Nenda na mama mkwe hospitalini, amsikie daktari mwenyewe.

Swali: Nikipata kadi, zile shilingi elfu mbili za Inua Jamii, ruzuku ya serikali, zitaanza kuingia?

Jibu: La. Hizo hulenga kaya maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkali, anayehitaji mlezi saa zote. Uandikishaji wake ni tofauti na wa kadi; mwone chifu na afisa wa ustawi wa jamii, uulize utafunguliwa lini.

Swali: Shule ya hapa mtaani imemkataa, nifanyeje?

Jibu: Rudi EARC. Omba barua inayotaja shule yenye kitengo maalumu, uipeleke kwa mwalimu mkuu wewe mwenyewe.