Namna ya Kutambua Makombe Yanayookotwa Ufukweni

Anayeanza kujifunza makombe huvutiwa kwanza na rangi, na hapo ndipo anapopotea, kwa sababu jua huipausha rangi, tope lisilo na hewa hulitia kombe weusi, na hata makombe ya spishi moja huweza kutofautiana mno. Umbo hudumu zaidi, anza nalo.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba kombe ni tupu. Likiwa na kiumbe hai, au kaa aliyejihifadhi ndani yake, liache pale pale. Lile lenye umbo la pia na mdomo mrefu mwembamba usiliguse kwa mkono hata kidogo iwapo huna hakika, kwani konokono wa jamii ya Conus huchoma kwa jino lenye sumu, na mmoja wao, Conus geographus, amewahi kuua watu.

Kisha amua kama ni kombe la konokono, ambalo huwa kipande kimoja, au ni la viumbe kama chaza na kome, ambao huwa na vipande viwili vilivyoungana kwa bawaba, ingawa ufukweni aghalabu utaokota kimoja tu.

Kombe la konokono lishike ncha ikiwa juu na mdomo ukiwa umekuelekea. Katika spishi nyingi sana mdomo huwa upande wako wa kulia. Ukiuona kushoto, andika mara moja, kwa kuwa dalili hiyo peke yake huondoa majina mengi. Hesabu mizunguko, chunguza kama ukingo wa mdomo una meno, na kama upande wa chini una mfereji. Kauri hufundisha vizuri umuhimu wa uangalifu huu: iliyokomaa ina mdomo kama ufa wenye meno pande zote mbili, lakini ambayo bado ni changa ina ukingo mwembamba usio na meno, na mizunguko ya ncha yake huonekana wazi, hata watu wengi huidhania kuwa ya jamii nyingine kabisa.

Kombe la vipande viwili ligeuze utazame ndani, kwa maana, kwa maoni yangu, ndani husema mengi kuliko nje. Angalia meno ya bawaba na makovu ya misuli: chaza ana kovu moja kubwa, ilhali wengine wengi wana mawili. Mstari unaounganisha makovu hayo ukiingia ndani kama ghuba, ujue mwenye kombe aliishi amejifukia mchangani na kuvuta maji kwa mirija. Tobo dogo la mviringo, lililo laini kingoni, si sifa ya spishi. Limetobolewa na konokono mla nyama.

Pima urefu kwa milimita, piga picha pande zote mbili, kisha andika tarehe, mahali, na kama ufukwe ni wa mchanga, tope au mawe. Unapolinganisha majina, kumbuka kwamba jina la jenasi, yaani neno la kwanza la jina la kisayansi, hubadilika: kauri ambayo mwanasayansi Linnaeus aliiita Cypraea moneta mwaka 1758 leo huitwa Monetaria moneta, kwa hiyo vitabu viwili vikitofautiana, tazama kwanza neno la pili. Kombe lililosagika mno liandike kwa jina la jamii tu.