Somo: Kukagua mchoro wa seli ya neva kabla haujafika darasani

Wiki iliyopita nililetewa mchoro wa neuroni, yaani seli ya neva, uliotengenezwa kwa akili unde. Ulipendeza kweli, aksoni, ule uzi mrefu unaopeleka ujumbe mbali, iking'aa kama waya wa shaba. Nikaufuata kwa kidole taratibu: ala ya mayelini, kile kifuniko cha aksoni, ilikuwa imefunika hadi mwili wa seli, na mshale wa msukumo, yaani ujumbe wa neva, ulirudi ulikotoka. Chati ile ingebandikwa ukutani, darasa zima lingeinakili. Kosa la mchoro ni gumu kuondoa kuliko kosa la maneno, kwa sababu mwanafunzi hulibeba kichwani kama picha. Nawaandikia hatua ninazozifuata mwenyewe.

Hatua ya 1: Uliza ni neuroni ipi. Mchoro ulioandikwa "seli ya neva" tu hauwezi kukaguliwa. Neuroni ya mwendo, ile inayopeleka amri kwenye msuli, ina dendraiti, yaani matawi yanayopokea ujumbe, zinazochipuka moja kwa moja kwenye mwili wa seli, na mwili huo umo ndani ya uti wa mgongo. Neuroni ya hisi ya ngozi ni tofauti: mwili wake umekaa pembeni ya uzi, kama tunda kwenye kikonyo, ndani ya fundo dogo lililo kando ya uti wa mgongo. Ukikuta neuroni ya hisi imechorwa kama ya mwendo, usiendelee na mengine. Irudishe kwa mchoraji.

Hatua ya 2: Funika majina, fuata ujumbe. Nachukua karatasi nafunika maandishi yote, kisha natembeza kidole ujumbe unakopita. Kwa neuroni ya mwendo: dendraiti, mwili wa seli, aksoni, vinundu vya mwisho, msuli. Hapa ndipo utabaini kama mchoraji amechanganya ncha mbili, maana zote zina matawi. Dendraiti huwa nene pale zinapotokea na hukonda kadiri zinavyokwenda. Matawi ya mwisho wa aksoni huishia kwa vinundu.

Hatua ya 3: Mayelini. Kaeni sana hapa, makosa mengi yamejificha hapa. Mayelini si rangi iliyopakwa juu ya aksoni. Ni utando wa seli nyingine, wenye mafuta mengi, uliojizungusha tabaka juu ya tabaka kama kitambaa cha kilemba. Kwenye neva za mikono na miguu, kazi hiyo hufanywa na seli za Schwann, na kila seli hufunika kipande kimoja tu cha aksoni moja. Ndani ya ubongo na uti wa mgongo hufanywa na seli za aina nyingine, oligodendrosaiti, na moja huweza kufunika vipande vya aksoni kadhaa. Kwa hiyo mchoro wa neuroni ya ubongoni wenye jina "seli ya Schwann" una kosa, hata kama umbo lote liko sawa.

Angalia pia kiini. Seli ya Schwann ina kiini chake, kimebanwa upande wa nje wa ala. Nimeona mstari wa "kiini cha neuroni" ukiishia hapo zaidi ya mara moja.

Kisha tazama mapengo. Vifundo vya Ranvier ni sehemu zilizo wazi kati ya kipande na kipande, na msukumo huruka kutoka kifundo hadi kifundo, ndiyo maana unakwenda kasi. Ala iliyochorwa bila pengo inafuta maelezo yote hayo.

Hatua ya 4: Mistari ya majina. Kila mstari uguse kitu chenyewe. Mstari wa kifundo ukiishia milimita mbili pembeni, umetaja mayelini.

Hatua ya 5: Vipimo. Hakuna ukurasa unaoweza kubeba uwiano wa kweli. Mwili wa neuroni kubwa ya mwendo unafika kama milimita 0.1, lakini aksoni inayotoka chini ya mgongo hadi kwenye unyayo inakaribia mita 1 kwa mtu mzima. Tukiukuza mwili huo uwe na upana wa chungwa la sentimita 8, aksoni itakuwa na urefu wa mita 800. Basi aksoni ikatwe kwa alama ya mkato, na chini iandikwe kwamba vipimo si halisi.

Hatua ya 6: Sinapsi. Hapa ndipo neuroni moja inapopeleka ujumbe kwa seli nyingine. Lazima kuwe na nafasi kati yake. Kwenye sinapsi ya kemikali ni nanomita 20 hadi 40 hivi. Vifuko vya kemikali viwe upande unaotuma, vipokezi upande unaopokea. Mwanasayansi Camillo Golgi aliamini seli za neva zimeungana kama wavu; mwenzake Santiago Ramón y Cajal akasema kila moja ni seli peke yake. Mwaka 1906 walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja, na bado hawakukubaliana. Mchoro unaogusanisha ncha mbili unamrudisha mwanafunzi kwenye wavu wa Golgi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Chati yetu imeandikwa "mshipa wa fahamu" lakini inaonyesha seli moja. Tuiache?*

Marahaba. Msiiache, badilisheni kichwa. Mshipa wa fahamu, yaani neva, ni fungu la aksoni nyingi pamoja na mishipa midogo ya damu na tishu zinazozishikilia.

*Mchoro wangu una aksoni yenye tawi katikati. Ni kosa?*

Hapana. Neuroni ya mwendo ina aksoni moja, lakini inaweza kutoa matawi njiani. Kosa ni kuchora aksoni mbili zinazotoka kwenye mwili huo.

*Naomba kujua, kuna aksoni zisizo na mayelini kabisa?*

Zipo, tena nyingi. Nyuzi zinazoleta maumivu yale ya kufukuta baada ya kuungua ni za aina hiyo, na ujumbe wake husafiri polepole, kama mita 1 kwa sekunde. Kichwa cha mchoro kiseme hivyo, mkaguzi asije akaiongezea ala.

*Picha ya akili unde ikiwa na kosa moja tu, naweza kuirekebisha?*

Unaweza, ila anza na hatua ya kwanza upya. Ile niliyoletewa nilidhani ina kosa la mshale peke yake. Nilipofika kwenye mayelini nikachukua penseli, nikachora mwenyewe.