SOMO: Kupitisha gari kuukuu kwenye kipimo cha moshi cha MOT (ukaguzi wa gari wa kila mwaka), Uingereza

Wakuu, hili ni kwa walio huku Uingereza wenye magari ya petroli ya tangu Julai 2002. Langu la 2005 lilifeli, fundi akataka kuniuzia masega mapya (katalisti, kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi). Kumbe ekzosi ilikuwa na tundu la punje ya mchele!

Anza na karatasi ya vipimo waliyokupa kituoni. Injini ikizunguka kati ya 2,500 na 3,000 kwa dakika, kiwango cha kawaida ni CO (gesi ya sumu ya kaboni monoksidi) isiyozidi asilimia 0.2, HC (petroli isiyoungua) isiyozidi 200 kwa milioni, na lambda (uwiano wa hewa na mafuta) kati ya 0.97 na 1.03. Bila kukanyaga mafuta, CO isizidi asilimia 0.3. CO ikiwa juu, mara nyingi injini inakunywa mafuta mengi mno kwa hewa inayoipata. HC juu, petroli inatoka haijaungua: angalia plagi na koili, vinavyoiwasha petroli. Lambda juu huku CO iko chini, kama langu (1.06), shuku hewa inayoingia kwenye ekzosi penye kutu.

Hatua ya 1. Taa ya injini kwenye dashibodi ikiwaka, kwa gari la petroli la tangu Julai 2003 umefeli hata kama moshi ni safi. Soma namba ya hitilafu kwa mashine, tengeneza kwanza, ndipo uifute.

Hatua ya 2. Saka tundu. Fanyia nje, injini ikiwa bado baridi. Washa, mwenzio avae glavu azibe mdomo wa ekzosi kwa tambara, sekunde chache tu. Wewe inama pembeni usikilize: penye tundu patalia tss, tss. Nyunyizia maji ya sabuni kwenye viungio, povu litakuonyesha. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, tafadhali.

Hatua ya 3. Plagi, ea klina, oili mpya. Hapa sina maneno mengi.

Hatua ya 4. Siku yenyewe, lichemshe. Masega yakiwa baridi hayasafishi kitu. Yanataka nyuzi 300 hivi. Mimi nilizunguka barabara kuu nusu saa kwa gia ya tatu, nikafika saa yangu ileile, nikaomba lipimwe lingali moto. Ukiliacha asubuhi wakalipima mchana, umejiharibia mwenyewe.

MASWALI

– Kaka, nyumbani watu wanang'oa masega wanauza, wanaweka bomba tupu. Huku je?
Huku thubutu! Kama gari lilitoka nayo kiwandani na hayapo, mpimaji anakufelisha kwa kuyakosa tu.

– Dawa za kumimina kwenye tangi zinasaidia?
Uchafu kidogo, labda. Koili ikifa, dada yangu, hiyo ni panadol kwa aliyevunjika mguu.

– La kwangu dizeli.
Hilo hupimwa weusi wa moshi, si CO. Na kile kichujio cha masizi usikiondoe; tangu Februari 2014 kukosekana kwake ni kufeli.

– Nikifeli nalipa upya?
Ukiliacha hapohapo walitengeneze, marudio ndani ya siku 10 za kazi ni bure. Ukiondoka nalo ukalirudisha ndani ya siku hizo, wanaweza kukutoza hadi nusu ya ada. Mimi hulipeleka wiki tatu kabla ya cheti kuisha: tarehe ya mwaka ujao haibadiliki, na likifeli nina muda wa kuhangaika na kutu.